Kisanduku Chetu

Umeme umerudi saa nane usiku.
Nawasha mashine kabla haujabadili mawazo.
Kwenye kioo dunia imekatwa visanduku
kama sabuni ya mche sokoni Kadutu.
Chetu kina kilomita mia kila upande:
Bukavu, Kabare, Walungu, Idjwi, hata ng'ambo ya Ruzizi,
wote tumepewa kimo kimoja, mvua moja.
Ziwa halimo. Nimelitafuta.
Mahali pa Kivu wameotesha majani mafupi.

Lakini bahari, ambayo sijawahi kuionja chumvi yake,
imo nzima, tabaka chini ya tabaka hadi gizani.
Bahari na hewa ni hesabu mbili zisizolala nyumba moja.
Kila baada ya saa tatu hukutana
kama wachuuzi kwenye daraja la Ruzizi:
nipe mvuke, chukua upepo,
joto hili nilihesabie vizuri,
kisha hugeuka, kila moja na mzigo wake.
Wakipunjana kidogo pale mpakani
Oktoba nzima hukauka huku milimani.

Nimeiendesha mara thelathini,
Septemba thelathini, zikitofautiana mwanzoni
kwa joto lisilofika pumzi ya mtoto.
Katika kumi na saba maji ya upande wa Mombasa yanapata moto
na mvua inatujia mapema, nzito.
Katika tisa inachelewa.
Nne sizielewi.

Mama mdogo Nabintu anapiga simu kutoka Walungu:
«Weye unayelipwa na mawingu,
maharagwe niyapande lini?»
Namwambia: kumi na saba kwa thelathini.
Kimya. Nasikia kuku wake.
«Mimi nina shamba moja,» anasema.

Kumekucha, nakwenda uani kwenye kipimo.
Milimita sitini na mbili.
Mashine ilisema sita, wastani wa kisanduku.
Wastani hauangushi ukuta.
Kule Cikera ukuta umelala juu ya jiko la kina Bisimwa
na Kahwa inashuka na sufuria zao,
moja bado ina mfuniko.

Naandika 62 kwa kalamu ya risasi
kwa sababu wino huogopa maji.
Saa nne Nabintu anapiga tena.
Nusu ya mbegu ameitia udongoni,
nusu ameifunga kwenye kitenge chini ya kitanda,
na anataka kujua
kama ile mashine yangu
ina mahali pa kuandika hilo.