Shingo

Saa nane za usiku, Al-Khudh. Kiyoyozi tumekizima,
maana hata pumzi yake huitikisa picha.
Thuweiba amevua bangili. Mimi nimevua viatu.
Ndani ya nguzo ya darubini, katika ombwe
lisilojua harufu ya udi wala ya mtu,
platinamu imetawanyika juu ya alumina
kama punje za mtama alizomwaga asiye na haraka.

Mzigo umetoka Sohar.
Mhandisi Yakdhani ameandika mstari mmoja:
*Kichocheo kimechoka. Niambieni kimechokaje.*

Nyuzi mia nne: hakuna.
Mia tano: moja imejigeuza kidogo,
kama mtu anayetafuta upande wa mto wenye baridi.
Mia sita.
"Usikohoe," ananiambia Thuweiba.

Ndipo ninapoiona. Kati ya chembe mbili
zilizokaa jirani saa nzima bila salamu,
uzi.
Si uzi, shingo.
Hazijayeyuka, kuyeyuka kungali mbali.
Mistari ya atomi za hii inaitafuta mistari ya ile,
bega kwa bega, mpaka safu inanyooka.
Shingo inanenepa. Kiuno kinapotea.
Sekunde arobaini na moja, na mbili ni moja,
nono, ya mviringo, imetulia.

"Harusi," anasema Thuweiba.
"Matanga," namjibu,
maana platinamu hufanya kazi kwa ngozi yake,
na ngozi ya wawili ni pana kuliko ya mmoja.
Shuleni tuliambiwa umoja ni nguvu.
Hakuna aliyetutajia eneo la uso.

Kisha shaka inaniingia: au ni sisi?
Huu mwale tunaotazamia ndio uliozichochea?
Kuungua, kuungana: hata ulimi huteleza hapo.
Nauzima mwale. Joto liko palepale.
Dakika kumi tunakaa gizani
kama watoto wa kombolela, macho tumefumba, tunahesabu.
Nawasha. Nasogea pembe ambayo
tangu jioni tuliipiga picha mara moja tu.
Zilikuwa kumi na tisa.
Zimebaki kumi na moja.

Thuweiba anazirudisha bangili, moja moja.
Namwandikia Yakdhani: *Hakikuchoka.* Nafuta.
*Chembe zimezoeana mno.* Nafuta na hilo.
Naambatisha picha, joto, muda.

Kiyoyozi kinanguruma tena,
na kwenye kioo zile kumi na moja
zinatetemeka zote pamoja.