Hesabu ya Jioni, Lukozi

Julai huku Lukozi haiji, inashuka
kutoka msituni saa kumi za jioni,
ukungu mzito kama uji wa mgonjwa,
na kuku wangu, wasio na kalenda,
wanaanza kuingia bandani mapema,
mmoja mmoja, shingo ndani ya mabega,
kama wazee wanaotoka mazikoni.

Nahesabu. Kumi na tisa.
Jogoo wa kuchi, shingo ndefu, adabu fupi.
Matetea kumi na mmoja wa kienyeji.
Chotara sita wa mkopo wa kikundi
(mkopo ungalipo, mayai yamekwisha).
Na Karani, kishingo,
aliyeanguliwa Korogwe kwenye joto la mkonge
akapandishwa mlimani ndani ya kapu,
bila kuulizwa.

Mwaka jana niliwapenda vibaya.
Niliziba kila tundu: magunia ya viazi,
nailoni, matope, kanga yangu iliyochakaa.
Nikasema, haya, sasa laleni kama watu.
Asubuhi mabati yalidondosha jasho lao wenyewe,
maranda yameloa chapachapa,
harufu inachoma macho kuliko kitunguu.
Wiki ya pili wakaanza kukoroma.
Nikazika saba nyuma ya migomba.
Shekiondo, bwana mifugo,
alitia pua tu mlangoni:
"Mama Hoza, hawa hawakuuawa na baridi.
Umewaua kwa pumzi zao."

Basi mwaka huu juu nimeacha wazi,
shubiri mbili chini ya paa,
na wavu, kwa ajili ya kicheche.
Upepo upite juu ya vichwa, usiguse vifua.
Maranda makavu ya fundi Mbaruku
yanafika kifundo cha mguu,
nayageuza kwa reki kila Ijumaa.
Maji nawapa vuguvugu.
Mahindi nawaparazia jioni, si asubuhi,
walale na kijinga cha moto tumboni.

Karani nimemkatia soksi ya marehemu,
ile ya kijivu ya kwendea vikaoni,
kisigino kilishatoboka,
nikampitishia shingoni.
Alinitazama kwa jicho moja kutwa nzima.
Kisha akazoea,
kama mimi nilivyozoea
upande mmoja wa kitanda kutokuwa na joto.

Mayai? Hakuna. Wiki ya tano.
Hoza anapiga simu kutoka Tanga mjini:
"Mama, si uwauze tu?"
Namwambia, kuku anayepumzika si mgonjwa.
Nasikia anacheka.
Nyuma ya kicheko nasikia feni.

Jana nikahesabu ishirini.

Nikarudia kwa tochi, kidole hewani.
Ishirini.
Katikati ya kichanja, kati ya Karani na jogoo,
tetea mweusi, uzi mwekundu mguuni.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
na uzi huo naujua, umefumuliwa sweta
la Saumu Shekighenda, jirani yangu wa chini,
ambaye hatusalimiani
tangu masale ya mpaka yalipotembea
hatua mbili, usiku, yenyewe.

Mchana wangemdonoa hadi damu.
Lakini ilikuwa giza, ilikuwa Julai,
wakambana, ubawa kwa ubawa,
na hakuna aliyemuuliza
shamba lao linaishia wapi.
Nilisimama, mkono juu ya komeo.
Pumzi yangu ilionekana, zao pia,
zikipanda, zikitokea tundu la juu.

Asubuhi nimemtia kapuni.
Kwenye maranda, chini ya alipolala, yai:
dogo, jeupe, la moto bado.

Sasa nipo kwenye masale,
kapu mkono huu, yai mkono huu.
Kuku ni wake, hilo halina kesi.
Lakini yai? Limetagwa upande wangu,
juu ya maranda yangu, kwa mahindi
niliyoyaparaza kwa mikono hii iliyokufa ganzi.
Na wiki tano, jamani. Wiki tano.

"Hodi," nasema,
kabla sijaamua.