Vitone Kumi na Sita

Tuanze na kisigino, maana ndicho kinachotangulia.
Kinagusa sakafu kwa ukingo wa nje,
wayo unakifuata, unajilaza taratibu
kama mtu aingiaye kitandani akichelea kumwamsha mwenzake.
Goti linalegea kidogo, makusudi:
goti lililokazwa hupeleka kishindo hadi menoni.
Halafu dole gumba, lile fupi, nene, lisilovishwa pete,
linaisukuma dunia nyuma,
na mwili mzima, kilo themanini na mbili za Bwana Wacław,
unaanguka.

Ndiyo, unaanguka.
Kujikwaa si kuanguka, husema watu;
sisi wa maabara ya mwendo tunasema kutembea ndiko kuanguka,
ila kila mara mguu wa nyuma unawahi,
unapita mbele, unadaka.
Mara elfu sita kwa siku. Mara elfu ishirini, kama wewe ni tarishi.

Alikuwa tarishi.
Miaka thelathini na mmoja katika mitaa ya Bałuty, mjini Łódź,
majengo ya ghorofa nne yasiyo na lifti.
"Barua haina miguu," aliniambia, "ndiyo maana mimi nimepewa miwili."
Ilikuwa Novemba, kipasha joto kinakoroma,
amevaa bukta, anaona haya,
soksi yenye tundu ameificha ndani ya kiatu.
Nikambandika vitone vinavyong'aa
nyongani, magotini, vifundoni, mabegani,
kumi na sita kwa jumla.
"Unanipamba kama mti wa Krismasi," akasema,
akatembea mita kumi,
akageuka, akarudi,
mara kumi na moja, mbele ya kamera nane zisizopepesa.

Machi akaja mkewe, Bi Otylia, peke yake,
koti jeusi jipya, theluji chafu kwenye buti.
Nikamtolea faili: urefu wa hatua, pembe ya goti,
muda wa unyayo chini, muda wa unyayo hewani.
Akairudisha kwa kidole kimoja.
"Karatasi ninazo tele. Nataka kumwona anavyokwenda."

Nikasema mashine haikuhifadhi sura.
Nikasema ni vitone tu, mama.
Akaketi.

Giza. Kisha, ukutani, vitone kumi na sita.
Hakuna masharubu, hakuna nyama wala kofia,
vijicho vya mwanga tu vinavyopanda na kushuka,
kila kimoja na upinde wake mdogo.
Nilidhani atalia, au atauliza yuko wapi.
Akasema: "Bega la kushoto."

Kweli, limeinama. Nyuzi nne.
Mkoba aliurudisha posta miaka tisa kabla sijampima
na mwili ulikuwa bado unaubeba.
Kwenye ripoti niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri:
chanzo hakijulikani.
"Chanzo," akasema Bi Otylia, "ni magazeti ya Alhamisi."

Akaomba tena. Na tena.
Mara ya tano akainuka,
akasimama karibu na ukuta, upande wa kulia, usio na mkoba,
akaanza kwenda naye,
akiifupisha hatua yake, akikichelewesha kisigino kidogo,
kwa hesabu ambayo hakuna kitabu kilichonifundisha:
miguu minne, kishindo kimoja.

Kwenye mita ya kumi vitone huishia ukingoni.
Mimi najua, nimevitazama mara nyingi.
Yeye mguu ulikuwa umeshatoka,
kisigino juu, uzito wote mbele.
Akapiga hatua moja zaidi.

Kamera zilikuwa zimezimwa.
Hatua hiyo sina kipimo chake.