Kuunga Mkono

Barua ina kurasa tisa. Nimeiandika mimi,
Dorianne Zammit, wa uhusiano na jamii,
na mstari wake wa kwanza unasema
kampuni inaunga mkono kutengwa kwa eneo la bahari,
kusini mwa Gippsland, liwe ukanda wa nishati ya upepo.

Inaunga mkono.
Wengine hulipita neno hili mbio.
Mimi huliona mshono.

Baba aliacha vidole viwili
kwenye mkanda wa makaa ya mawe, zamu ya usiku,
mwaka niliozaliwa.
Daktari alivitazama ndani ya kopo la barafu, akasema haviungiki.
Tangu hapo Censu Zammit akikupa mkono unapokea pungufu,
naye hucheka: "Viwili vyangu vimo kwenye taa zenu.
Zimeni mkitoka."

Ukurasa wa tatu: mitambo mia na arobaini,
kilomita ishirini na tano toka ufukweni,
panga moja, likilazwa chini, halienei uwanja wa mpira.
Ukurasa wa tano: ajira.
Niliandika *tunaahidi*.
Mwanasheria wa Melbourne akafuta, akaweka *tunatarajia*.
Nikarudisha langu.
Akafuta tena, bila neno, kama mtu apangusaye makombo mezani.

Msinidhanie malaika.
Upepo ni wa bure, waya si wa bure,
na walioweka fedha hawakuziweka kwa ajili ya ndege.
Nalipwa vizuri. Gari ni la kampuni.
Lakini nilikuwepo minara ya moshi ilipoangushwa,
mmoja baada ya mwingine, kama walevi walioshikana,
na wanaume wa mtaa wetu, waliokuja kupiga picha kwa simu,
wakarudi majumbani saa nne asubuhi
bila pa kwenda kesho yake.

Alhamisi, ukumbi wa klabu ya waokoaji.
Biskuti, birika kubwa linalovuja, bango: BAHARI SI KIWANDA.
Lachlan Trewin, wa kamba-mawe, hakuketi.
"Mitego yangu niitege wapi, Bi Zammit? Ofisini kwako?"
Watu wakacheka, nami nikacheka nusu,
kisha nikaona hatanii.
Mkono mtupu haulambwi, na wangu ulikuwa na kalamu tu.
Nikaandika: *mitego, wapi?*
Mwalimu Isolde Pruett, ahesabuye kila Septemba
wale ndege weusi wanaovuka nusu ya dunia
kuja kuchimba mashimo yao mchangani,
akauliza kama wameonyeshwa ramani yetu.
Na msichana mmoja, fulana ya chuo cha uchomeleaji,
alinyoosha mkono hadi muda ukaisha.
Sikumwona. Nilimwona siku ya pili, kwenye picha.

Jumapili nikampelekea Baba.
Akaisoma yote, miwani puani,
akifunua kurasa kwa gumba na vile vilivyosalia.
"Nasi tulisomewa barua," akasema,
"nzuri kuliko hii. Ilikuwa na picha ya familia."
Kisha, baada ya kikombe kizima cha chai:
"Humu mna mapanga, mna nyaya, mna mabilioni.
Unaunga mkono. Sawa. Mkono wa nani?"

Nikaongeza ukurasa wa kumi.
Mafunzo kwanza kwa watu wa bonde.
Kizuizi mbele ya kila kinachozunguka.
Viti kwa wavuvi, kwenye meza ileile, si chumba cha pili.
Ndege wahesabiwe kabla ya nguzo ya kwanza.
*Tunaahidi*, nikaandika, mara nne,
na mwanasheria sikumpelekea.

Niliituma saa sita kasoro dakika nane usiku.
Huenda Jumatatu nikaitwa orofa ya juu.
Nje, upepo ulikuwa umepindua pipa la taka la jirani
na unalikokota barabarani, pwaa, pwaa,
haujui kabisa
kwamba kuna mtu ameupigia debe.