Kitambaa Cheupe

Mwezi wa Mei, mjini Kemi, theluji ya mwisho
imejikunyata nyuma ya gereji kama mdaiwa,
na Lempi, miaka themanini na minne, amekaa dirishani
akimenya viazi, akiniongoza kwa ncha ya kisu.
Jumamosi mnunuzi anatoka Rovaniemi.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hiki hata kujitembeza hakiwezi,
betri ilikufa wiki moja na Eino.

Datsun ya mwaka sabini na nne. Nyekundu, kwa mujibu wa kadi.
Mimi naona rangi ya ufizi wa mtoto.

Kwanza maji. Usiguse kitu kabla ya maji:
chumvi ya barabara, mchanga wa miezi saba ya baridi,
ukivisugua vikavu umejitengenezea msasa.
Ndoo mbili, moja ya povu, moja ya kusuuzia.
Anza na paa, shuka na milango, magurudumu mwisho,
na sponji iliyogusa magurudumu isipande tena juu.
Kisha kidonge cha udongo laini, unaokandika kama ngano,
nikakipitisha juu ya boneti iliyolowa,
kikikwaruza, kikikwaruza,
mpaka kikanyamaza.

Halafu polishi. Kitambaa cheupe, tone moja, duara ndogo ndogo.
Nikakigeuza: chekundu.
Nikaangalia vidole, nikidhani nimejikata.
"Rangi ya zamani hutoka jasho!" Lempi akapaza sauti.
Ndivyo ilivyo. Haina vanishi ya kuisitiri.
Iliyokufa inavuka, iliyo hai inatokeza,
na kila mng'aro unalipiwa kwa unene.
Ukizidisha mapenzi pale kwenye kona
unafika kwenye kijivu cha chini,
na kijivu hakipokei samahani.

Boneti ikawaka. Paa likawaka, mawingu yakaanza kupita ndani yake.
Vitambaa sita vyekundu kwenye kamba ya nguo,
jirani Oiva akapunguza baiskeli kutazama.

Nikafika madigadi ya mbele, kushoto.
Nikasugua. Kitambaa: cheupe.
Nikaongeza polishi, nikaongeza bega.
Cheupe, kama cha mezani.

"Hii si rangi ileile," nikasema.

Viazi viwili vikamenywa kimya.
"Themanini na nane," akasema. "Eino kalazwa Oulu, mgongo.
Mimi na nguzo ya geti la kanisa tukakutana.
Kalervo alipiga rangi mpya, akaifunika na vanishi, siku nne tu.
Nilimlipa kwa pesa za mapazia.
Mtu yule amekufa bila kujua."

Nikageukia rafu ya gereji.
Makopo ya nta, kila mfuniko na mwaka wake kwa penseli,
mwandiko wa mtu wa zamu ya usiku kiwandani:
themanini na tisa, tisini, tisini na moja,
yakiteremka hivyo hadi karibu na mlango.
Kila Mei, kwa mkono, hakuamini mashine.
Kila Mei vitambaa vyekundu,
na kimoja cheupe.

Sikufungua mdomo. Lakini nilikuwa nimekishika kile kitambaa
kama mtu aliyeletewa barua ya nyumba nyingine,
na Lempi, macho yake mabovu kwa gazeti tu,
alikitazama, akaitazama rafu, akaweka kisu chini.

"Kumbe," akasema.
Muda ukapita.
"Wala hakuwahi kuuliza mapazia yako wapi."

Akatoka na ndara, na aproni iliyolowa.
Nikamwonyesha: nta kidogo, nyembamba kama siri,
usubiri ipige ukungu, ndipo ufute.
Akanipokonya kopo.
Alipaka madigadi ile peke yake,
vibaya, nyingi mno, duara kubwa kubwa kama anayefuta ubao.
Akasubiri ukungu. Akafuta.
Nta nyeupe ikabaki kwenye mfereji kando ya mlango,
mahali ambapo mnunuzi yeyote angeiona.

Sikuigusa.