Pima Kumi na Saba

Hii ni safari yangu ya kumi na moja Tukuyu.
Koti halijakauka tangu ile ya kwanza.

Namtafuta Ambakisye Mwalwega,
karani wa mvua, daraja la mwisho,
aliyefunga kipimajoto kwa ugwe wa katani
akakizamisha katika ziwa la kasoko kila alfajiri,
miaka kumi na tisa,
bila kutumwa na mtu.

Jalada la wilaya linamtaja mara moja:
*Mwalwega. Kapoteza kipimajoto. Akatwe shilingi nne.*
Basi. Elimu yake yote, mbele ya serikali,
ni deni.

Ukurasa wa kwanza niliupata stendi,
umekunjwa koni, umejaa karanga.
Nilizimwaga mapajani nikasoma:
*Pima kumi, baridi. Pima kumi na tano, baridi zaidi.
Pima kumi na saba, joto. Nimerudia. Joto.
Nimerudia.*
Nikanunua koni zote, thelathini na nne.
Muuzaji akaniuliza kama kuna msiba.

Lusekelo, mume wangu, hupika, huosha vyombo,
kisha husema, kwa upole unaouma kuliko kofi,
"Wenzangu wanaibiwa wake na watu walio hai."
Mkuu wa idara naye: "Ushahidi ni nini? Mafuta ya karanga?"
Nilicheka. Usiku nikazihesabu tena koni.

Mjukuu wake, Tumwanukye, nilimkuta akichuma chai,
kikapu mgongoni, hakusimama.
"Babu? Alikuwa mvuvi asiyepata samaki.
Kila siku kamba, kila siku mikono mitupu.
Bibi aliona aibu mpaka anaingia kaburini."
Na madaftari?
"Tuliwashia moto. Mengine tuliuza kwa kilo.
Ungekuja mapema, mama."

Ungekuja mapema.
Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu, Kandete,
nakariri majina ya wagunduzi wa mito
ambayo bibi zangu walikuwa wakiichota.

Leo alfajiri nimefunga kipimajoto changu.
Ukungu umekaa juu ya maji kama maziwa yaliyoganda.
Pima kumi. Vidole vimekufa ganzi.
Kumi na tano. Ugwe unanikata.
Na hapo mkono unagoma kushusha,
kwa kuwa huko chini, pima mbili tu,
ama yupo, ama nimemtunga.

Ng'ambo, mwanamke anayefua anainua kichwa,
anamgusa mwanawe begani:
"Mtazame. Amerudi yule
asiyepata samaki."

Nashusha.