Hesabu za Candiru

Lori moja la kuni, Vurra: laki mbili na nusu.
Wapasua magogo watatu, elfu kumi kila mmoja, na chai.
Dizeli hadi Arua ni juu yangu;
dereva huyu hajui kupunguza bei wala mwendo.
Kizuizini, elfu tano. Risiti hakuna.

Mvua ikatukuta Ediofe.
Kuni zikalowa, zikawa nzito,
lakini mnunuzi hapimi kwa mizani,
anapima kwa moshi.

Nikashusha shuleni, gogo kwa gogo.
Mhasibu akaandika, akafuta, akaandika:
"Ada ya Edema tumeikata humu humu."

Nikarudi na karatasi.
Jioni nikapikia magunzi ya mahindi,
nikajumlisha upya.
Mgongo sikuuandika.
Bado haujaleta ankara yake.